Chikungunya: ugonjwa wa viungo uliopewa jina Newala

Hebu tuanze na jambo dogo. Fungua kitabu chochote kikubwa cha magonjwa ya kitropiki, kiwe kimechapwa India, Brazili au Ufaransa. Nenda kwenye herufi C. Utakuta neno moja ambalo madaktari wa huko hulitamka kwa tabu, wengine wakilivunja vipande vinne ili ulimi usikwame: chi-ku-ngu-nya. Wengi wao hawajui neno hilo limetoka wapi. Wanaojaribu kueleza mara nyingi huandika kwamba ni Kiswahili.

Si Kiswahili. Ni Kimakonde.

Limetoka juu kule kwenye uwanda wa Makonde, Newala, ambako ukisimama pale Shimo la Mungu unaona bonde la Ruvuma limelala chini yako na Msumbiji ng'ambo. Na halikutungwa na daktari. Lilitoka kwa wagonjwa. Leo nataka nikusimulie lilivyozaliwa, lilivyosahauliwa, na kwa nini kulisahau kunatugharimu mpaka sasa kila mtu anapofika kituo cha afya akisema "viungo vinaniuma".

Mwaka wa watu kukunjika

Turudi mwaka 1952. Tanganyika iko chini ya Waingereza, na eneo lote la Masasi, Newala, Lindi na Mikindani linaitwa Jimbo la Kusini. Mwaka huo, juu uwandani, ukazuka ugonjwa ambao watu hawakuuzoea. Ulikuja ghafla mno. Mtu mzima na afya yake, yuko shambani au njiani, mara maumivu yanamshika kwenye viungo: vifundo vya miguu, vifundo vya mikono, magoti, vidole. Homa inapanda. Baada ya muda mfupi hawezi kusimama. Akilala, hawezi kugeuka bila kusaidiwa. Baadaye vipele vinatokea mwilini. Homa inapungua baada ya siku chache, lakini viungo havisahau. Kuna waliokaa na maumivu ya kuja na kuondoka kwa miezi.

Na si mtu mmoja mmoja. Nyumba nzima inaanguka, kijiji kizima kinafuata, na kijiji jirani baada yake. Mlipuko uliendelea mpaka mwaka 1953.

Daktari aliyeandika dalili hizo kwa utaratibu ni Marion Robinson. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1955 katika jarida la chama cha kifalme cha tiba ya kitropiki cha Uingereza. Ukiyasoma leo, kuna jambo linalogusa: pamoja na kupima homa na kuhesabu siku, aliandika pia jina ambalo wagonjwa wenyewe waliupa ugonjwa wao.

Kimakonde kina kitenzi *kungunyala*, maana yake kukunjamana, kupinda, kujikunja kama kitu kinachokauka. Na ile *chi-* ya mwanzoni ni ndugu wa *ki-* yetu ya Kiswahili. Sisi tunasema Kimakonde, wenyewe wanasema Chimakonde. Kwa hiyo chikungunya ni "kile kinachokunja". Hebu fikiria: mtu anaingia ameinama, magoti hayanyooki, mikono imejikunja kifuani. Ukimwuliza anaumwa nini, anakuambia ugonjwa wa kukunja. Jina lenyewe tayari ni nusu ya kipimo.

Kiu, si mvua

Sasa hapa ndipo habari inaponivutia zaidi.

Mwenzake Robinson katika utafiti ule alikuwa W. H. R. Lumsden, kutoka taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda. Ni taasisi ileile ambayo watafiti wake walikipata kirusi cha Zika mwaka 1947, katika msitu wa Zika hapo jirani. Kazi ya Lumsden ilikuwa kujibu swali moja: ugonjwa huu unasafirije kutoka mtu hadi mtu?

Ukimwuliza mtu yeyote mbu wanatoka wapi, atakujibu: mvua, madimbwi, mabwawa, majani marefu. Lakini uwanda wa Makonde hauna madimbwi. Ni udongo wa kichanga unaokunywa mvua yote papo hapo. Maji huzama chini kabisa na kuja kutokea kwenye chemchemi, mbali, chini ya kingo za uwanda. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, alishangaa kuona watu wanaishi juu ilhali maji yako chini. Wenyewe walikuwa na sababu zao: juu kuna usalama na mashamba. Gharama yake ilikuwa safari ya maji, kushuka genge na kupanda tena na mtungi kichwani. Safari hiyo, kama kawaida, ilikuwa ya akina mama na mabinti.

Sasa jiulize: kama ndoo moja ya maji inakugharimu nusu siku, je, utaimwaga? Huwezi. Utaiweka ndani. Utakinga na ya mvua, uyatunze kwa wiki nyingi. Utakuwa na mitungi pembeni ya nyumba, na hutaiosha hovyo kwa sababu kuosha nako kunataka maji.

Na kuna mbu mmoja anayependa hasa maisha ya namna hiyo. Jina lake la kitaalamu ni *Aedes aegypti*, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Hataki bwawa. Anataka maji masafi yaliyotulia, kwenye chombo, karibu na mtu. Mayai yake huyabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukauka kwa miezi yakisubiri chombo kijazwe tena. Halafu anauma mchana, wakati wewe hauko kwenye chandarua. Lumsden alimkuta ndani ya nyumba, na viluwiluwi vyake kwenye mitungi ya maji.

Umeona mkasa ulipo? Mlipuko wa Newala haukuletwa na wingi wa maji. Uliletwa na uhaba wake. Mama aliyepanda genge na mtungi alikuwa anaokoa familia isife kiu, na mtungi uleule ukawa kitalu cha mbu. Kabla hujasema "watu wachafu ndio wanaopata mbu", kumbuka hilo.

Kirusi chenyewe kilipatikana na mtafiti mwingine wa Entebbe, R. W. Ross. Alichukua damu ya wagonjwa wa mlipuko ule, akaipandikiza kwa panya wachanga, akakipata. Akakipata pia kwa mbu waliokamatwa huko. Taarifa yake ilitoka mwaka 1956, na kichwa chake kilibeba jina la Newala.

Kidingapopo alikuwa nani?

Sasa twende Unguja, maana habari hii ina mzizi mrefu kuliko mwaka 1952.

Mwaka 1870 daktari Mskochi aitwaye James Christie alikuwa Zanzibar. Aliona ugonjwa umeenea mji mzima: homa ya ghafla, vipele, na maumivu makali ya viungo yasiyotaka kuondoka. Watu wa mjini waliuita *kidinga pepo*. Christie alieleza jina hilo kuwa ni mshtuko wa ghafla wa kukakamaa, unaosemekana kuletwa na pepo. Na wazee wakamwambia kwamba haukuwa mgeni. Walishawahi kuuona karibu miaka hamsini nyuma. Hesabu hiyo inatupeleka mwaka 1823.

Neno hilo bado tunalo. Leo tunasema kidingapopo, na tunamaanisha dengue. Kuna hata wanaoamini kwamba neno dengue lenyewe lilitokana na *dinga* yetu, likavuka bahari pamoja na watumwa hadi visiwa vya Karibi, ambako miaka ya 1827 na 1828 ulizuka ugonjwa wa namna hiyohiyo. Hiyo ni nadharia, ichukue hivyo.

Lakini mwaka 1971 mtafiti D. E. Carey aliuliza swali la kutatiza: je, kama kidinga pepo ya Unguja haikuwa dengue kabisa? Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Dengue huvunja mwili, mifupa na misuli vinauma, macho yanauma kwa nyuma, lakini ikipona kwa kawaida viungo navyo hupona. Ugonjwa unaobaki kwenye viungo kwa wiki na miezi ni tabia ya chikungunya. Na maelezo ya Christie yanasema viungo vilibaki vikiuma. Carey alitazama pia maandishi ya David Bylon, tabibu wa Kiholanzi aliyekuwa Batavia (leo Jakarta), ambaye mwaka 1779 aliandika juu ya homa ya viungo iliyompata hata yeye mwenyewe. Nayo inafanana na chikungunya kuliko dengue.

Yaani inawezekana kabisa kwamba kwa zaidi ya karne moja dunia iliziweka homa mbili kwenye jina moja, na jina hilo huenda likawa ni la Kiswahili, la ugonjwa mwingine! Ilibidi wakulima wa Newala waseme "hiki kinakunja", na mtu awepo wa kuandika, ndipo mafundo mawili yaanze kufunguliwa.

Nao si peke yao. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ulizuka ugonjwa ndugu, ukaenea Afrika Mashariki na kugusa watu wapatao milioni 2 kufikia mwaka 1962. Waacholi waliuita o'nyong-nyong, wakimaanisha kulegea na kuchoka kwa viungo. Kirusi chake ni jamaa wa karibu wa chikungunya, ila huyu anabebwa na mbu wa malaria. Tena ni wagonjwa waliotaja viungo kwanza, na tena jina lao ndilo lililobaki vitabuni.

Usingizi, halafu Lamu

Baada ya hapo chikungunya ikawa habari ya wachache. Ilizuka hapa na pale Afrika na Asia, lakini haikuwa gumzo. Kisha ukaja mwaka 2004.

Lamu, Kenya. Kulikuwa na ukame, maji ya shida, watu wanahifadhi majumbani. Je, umeshaotea kilichofuata? Ugonjwa ulipita kisiwani kama moto kwenye nyasi kavu. Uchunguzi wa damu uliofanyika baadaye ulikadiria kwamba watu kama 13,500 kati ya wakazi 18,000 waliambukizwa, yaani robo tatu. Kisa kilikuwa kilekile cha Newala, miaka hamsini na mbili baadaye, na kiini kikiwa kilekile: chombo cha maji ndani ya nyumba yenye kiu.

Kutoka Lamu ukashuka Mombasa, ukafika Komoro mwaka 2005, kisha kisiwa cha Réunion, ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Huko kirusi kilipata badiliko moja dogo kwenye vinasaba lililokifanya kibebwe vizuri na mbu mwingine, *Aedes albopictus*, anayestahimili hata nchi zenye baridi. Mwaka 2006 India iliripoti zaidi ya wagonjwa milioni 1. Mwaka 2007 ulizuka Italia. Mwishoni mwa mwaka 2013 ulifika Karibi na kusambaa Amerika. Neno la Kimakonde likawa kwenye taarifa za habari za dunia nzima. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani Novemba 2023.

Na kwetu, linakotoka jina?

Mama mdogo na dawa za malaria

Niruhusu niseme la nyumbani. Mama yangu mdogo anaishi upande wa Newala, anahudumia korosho zake na haombi kazi mtu. Miaka michache iliyopita alipata homa ya ghafla, na vifundo vyote vikavimba. Alipewa dawa ya malaria. Homa ikashuka, viungo havikushuka. Akarudi, akapewa dozi nyingine ya malaria. Mara ya tatu akaambiwa ni baridi yabisi, uzee huo, akapewa sindano za maumivu. Majirani nao walikuwa na kipimo chao: amerogwa kwenye shamba la mpaka. Ilimchukua miezi kuweza kushika jembe tena, na ugomvi ule wa shamba ulichukua muda mrefu zaidi kupoa. Hakuna aliyempima chikungunya, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ndiyo. Lakini alipokuwa ananieleza kwenye simu, alisema, "Mwanangu, nilijikunja." Nikakaa kimya.

Usidhani ni kisa cha mtu mmoja. Huko Moshi, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Kwa macho ya daktari, 528 kati yao walihesabiwa kuwa na malaria. Vipimo vya maabara vilipotoka, waliokuwa wanaumwa malaria kweli walikuwa 14. Chikungunya ilikutwa kwa wagonjwa 55, na hakuna aliyekuwa ameitaja mwanzoni. Ukiwa na jina moja tu mkononi, kila homa utaiita kwa jina hilo.

Viungo vinauma: tuulize nini?

Mimi si daktari wako, na makala haya si dawa. Lakini historia hii inatufundisha namna ya kuuliza, na maswali hayo ndiyo anayotumia daktari makini wa mifupa na viungo.

La kwanza: ni kiungo kimoja au vingi? Chikungunya hupenda viungo vingi na vya pande zote mbili, hasa vidogo: vidole, vifundo vya mikono na miguu. Mtu mzima ambaye usiku mmoja kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka moto, hapo mtu hufikiria jongo. Goti moja linalouma polepole kwa miaka, likizidi ukitembea na kupoa ukipumzika, mara nyingi ni kusagika kwa kiungo. Vidole vya mikono yote miwili vinavyokakamaa kila asubuhi kwa wiki nyingi vinaweza kuwa ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo vyake wenyewe. Huo una dawa zake, na ukicheleweshwa huharibu kabisa.

La pili: ulianza lini, na homa ilikuwepo? Homa ya ghafla na viungo siku ileile, wiki moja hivi baada ya kuumwa na mbu, na watu wengine mtaani nao hivyohivyo, hiyo ni picha ya mwaka 1952. Wiki ya kwanza, maabara yenye uwezo inaweza kukitafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Baada ya hapo hutafutwa kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupigana.

La tatu, na hili nakuomba ulishike: ni mtoto? Mtoto mwenye homa na kiungo kimoja kilichovimba, cha moto, hataki kuguswa, ghafla amekataa kutembea au kuchezesha mguu, huyo si wa kusubiri kesho wala kukandwa na maji ya moto. Inaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, na usaha unaweza kukila kiungo ndani ya siku chache. Ni hospitali siku hiyohiyo. Mtoto mwenye selimundu akiumwa mifupa naye apelekwe haraka. Na maumivu yanayohama kutoka goti hadi kiwiko, baada ya koo kuuma wiki kadhaa nyuma, ni lazima moyo uchunguzwe.

Kuhusu matibabu: chikungunya haina dawa ya kuua kirusi chake. Kirusi huingia kwenye seli za utando wa kiungo, misuli na kano, na mwili ukipambana nacho ndipo uvimbe unakuja. Tiba ni kupumzika, maji ya kutosha, na panadoli kwa kipimo sahihi. Usikimbilie aspirini, diklofenaki au ibuprofeni kabla dengue haijaondolewa kwenye orodha, kwa sababu dengue inaweza kusababisha kutoka damu na dawa hizo huongeza hatari. Umeona? Lile fundo la kidinga pepo, la kutenganisha homa mbili, bado ni la kufunguliwa leo dirishani kwa mwuza dawa. Homa ikishaisha, viungo visiachwe vikauke: mazoezi mepesi, kidogo kidogo, na ikipita miezi mitatu bado vinauma, rudi hospitali. Vichanga na wazee wasichukuliwe kirahisi. Kwao ugonjwa unaweza kuwa mkali.

Na kinga? Chandarua ni kizuri kwa malaria, lakini mbu huyu anakuuma mchana. Chombo chako cha maji ndicho cha kuangalia: kifunikwe vizuri, na mara moja kwa wiki kisuguliwe ukutani, juu ya usawa wa maji, maana ndipo mayai yalipo. Lakini nisikudanganye. Kumwambia mama wa uwandani amwage maji yake kila wiki, ilhali bomba linatoka kwa zamu au halitoki kabisa, ni kumwambia achague kati ya kiu na mbu. Bomba linalotoka maji kila siku ni kinga ya chikungunya kama ilivyo chanjo. Newala ilituonyesha hivyo mwaka 1952, Lamu ikarudia mwaka 2004.

Kwa hiyo safari nyingine ukimsikia mgonjwa anatafuta neno la maumivu yake, usimkatishe. Mwache amalize. Ugonjwa huu dunia iliujua vizuri baada ya mtu mmoja kukaa na kusikiliza wagonjwa wa Newala wakieleza, kwa lugha yao, jinsi miili yao ilivyojikunja.